Simu ya Zamani na Noti ya Zamani



Naomba ruhusa nianze na kitu kidogo kinachoenea kiganjani. Shangazi yangu, ambaye umri wake umekwisha kupita miaka sabini, na ambaye huishi ng'ambo ya Mto Pangani katika shamba la minazi aliloachiwa na marehemu mumewe, anayo simu ya kitochi ambayo mgongo wake ameufunga kwa mpira usije ukafunguka, na ambayo tarakimu za vitufe vyake zimefutika kwa kubonyezwa. Lakini yeye hakosei kitufe, kwa kuwa kidole chake kinazijua nambari zile kama kinavyozijua punje za tasbihi. Kwa simu hiyo hupokea salamu za watoto wake waliotawanyika kutafuta riziki, hupokea fedha wanazomtumia, humlipa mkwezi wa nazi, na usiku humulika njia uani. Siku moja alinitazama kwa makini akaniuliza: "Mwanangu, nimesikia redioni kuwa huko ng'ambo simu kama hii yangu zimezimwa. Kwani zimekosa nini?"

Sikuwa na jawabu la neno moja la kumpa. Mhadhara huu, hadhirina, ndio jawabu lenyewe, na kama utaonekana mrefu ni kwa sababu swali la ajuza yule ni refu kuliko lilivyotamkwa.

Yatupasa kwanza tufahamu kwamba simu haisemi peke yake. Chombo tunachokishika ni nusu ya kitu, na nusu ya pili imo katika minara, mitambo na masafa ya mawimbi ya redio ambayo hatuyaoni. Na lugha inayosemwa baina ya chombo na mnara ina vizazi, kama ukoo wa watu ulivyo na vizazi. Kizazi cha kwanza kilichukua sauti kama ilivyo. Cha pili, ambacho wataalamu hukiita 2G, kiliigeuza sauti kuwa tarakimu, na siku yake ya kuzaliwa yajulikana: tarehe 1 Julai 1991, huko Finland, Harri Holkeri, aliyekuwa amemaliza muda wake wa uwaziri mkuu miezi michache tu nyuma, alimpigia Kaarina Suonio, naibu meya wa mji wa Tampere, na mazungumzo yao yakawa ya kwanza kupita katika mtandao huo wa namna mpya. Kizazi cha tatu kilifunguliwa kwa biashara nchini Japani tarehe 1 Oktoba 2001, na cha nne kikaanza Stockholm na Oslo mwezi wa Desemba mwaka 2009. Hapa kwetu simu za mkononi zilianza katika miaka ya 1990 zikiwa chombo cha matajiri. Lakini ulipoingia mwaka 2000 na kampuni mpya za kizazi cha pili kuanza kazi Tanzania na Kenya, na baadaye zilipofika simu za bei nafuu kama ile Nokia 1100 ya mwaka 2003 yenye tochi kichwani, ambayo iliuzwa duniani zaidi ya milioni 250, chombo hicho kilishuka kutoka mezani kwa mkurugenzi kikaingia katika kikapu cha muuza mchicha. Wakenya waliipa simu ya tochi jina la mulika mwizi, nasi tukaiita kitochi, na wengine kiswaswadu. Na kitu kikipewa majina mengi na watu wa kawaida, hiyo ni dalili kwamba wamekwisha kukitia katika milki ya maisha yao.

Sasa, mbona vizazi hivi vinazimwa? Insafu yatutaka tuzisikilize hoja za wenye mitandao kabla ya kuwahukumu, kwa maana hoja zao si za uongo. Hoja ya kwanza ni kwamba masafa ya mawimbi yana kikomo kama ardhi ilivyo na kikomo, na shamba lililopandwa mazao ya zamani haliwezi kupandwa mapya mpaka lisafishwe. Masafa yaliyobeba kizazi cha tatu yakikabidhiwa kizazi cha nne hubeba watu wengi zaidi na habari nyingi zaidi kwa nafasi ile ile. Hoja ya pili ni gharama, kwa kuwa kila kizazi kinachoendelea kuishi kinakula umeme wake, kinataka vipuri vyake ambavyo viwanda vimeacha kuvitengeneza, na kinahitaji mafundi wake ambao wanastaafu mmoja baada ya mmoja. Hoja ya tatu ni usalama, nayo ni nzito kuliko watu wengi wanavyodhani: katika kizazi cha pili mtandao huitaka simu ijithibitishe, lakini simu haina njia ya kuutaka mtandao ujithibitishe, hata mwovu mwenye mtambo mdogo anaweza kujifanya mnara na kuzivuta simu za jirani zimtii. Wanaosema kwamba mitandao ya zamani iachwe hivi ilivyo milele hawajazipima hoja hizi, nami si mmoja wao.

Lakini kusema kwamba jambo lina sababu si kusema kwamba namna ya kulitenda haina dhima. Naomba tuwatazame waliotutangulia katika njia hii, maana mtu mwenye busara hujifunza kina cha mto kwa kumtazama aliyetangulia kuvuka.

Huko Marekani kampuni ya AT&T ilizima kizazi cha pili ulipoingia mwaka 2017. Watu wengi walidhani kwamba jambo hilo litawagusa wachache tu wenye simu za kale. Lakini katika mji wa San Francisco abiria waliosimama vituoni waliona kwamba ubao unaowaambia basi lao litafika baada ya dakika ngapi umepotea njia, kwa sababu vyombo vilivyofungwa ndani ya mabasi mengi vilikuwa vikipeleka habari zao kwa mtandao ule uliozimwa. Kabla ya hapo, mwanzoni mwa mwaka 2008, mtandao wa kizazi cha kwanza ulipofikia ukomo, magari ambayo yalikuwa na mtambo wa OnStar wa kuita msaada wakati wa ajali, yakiwa bado mazima na yakitembea barabarani, yalipoteza sauti yao. Na mwaka 2022, kizazi cha tatu kilipokuwa kikifungwa na kampuni moja baada ya nyingine, wenye biashara ya ving'ora vya nyumbani waliiomba mamlaka ya mawasiliano ya nchi hiyo iahirishe tarehe, wakieleza kwamba vyombo vya kutoa habari za moto na wizi, na vile ambavyo wazee huvaa shingoni ili waite msaada wakianguka, vilikuwa bado havijabadilishwa vyote; lakini kampuni ya AT&T iliufunga mtandao wake tarehe 22 Februari kama ilivyopanga. Funzo la kwanza, basi, ni hili: mtandao ukiisha kuzoeleka hubebeshwa mizigo ambayo hata mwenyewe hajui kama anaibeba, na siku ya kuuzima ndiyo siku ya kuijua hesabu ya mizigo hiyo.

Australia ilitupa funzo la pili, nalo ni la ajabu zaidi. Nchi hiyo ilikuwa imekwisha kuzima kizazi cha pili, na mwaka 2024 ikafika zamu ya kuzima cha tatu. Ndipo ilipodhihirika kwamba ziko simu zinazoitwa za kizazi cha nne, ambazo huonyesha alama ya kizazi cha nne juu ya kioo, ambazo zinafungua intaneti na hata kupiga simu za kila siku katika kizazi hicho, lakini ambazo mwenye nazo akibonyeza 000 kuita gari la wagonjwa au polisi, hushuka kimya kimya katika kizazi cha tatu kutafuta njia. Chanzo chake ni kwamba kizazi cha nne kilizaliwa kikiwa mtandao wa habari tupu usio na mahali maalumu pa sauti. Mazungumzo yaliongezwa baadaye kwa utaratibu mwingine ambao kila kiwanda cha simu kiliutia kwa namna yake, na baadhi hawakuutia kabisa, au waliutia kwa nchi moja wakauacha kwa nyingine. Mwenye simu ya namna hiyo asingejua kasoro yake mpaka usiku wa msiba. Serikali ikalazimika kuamuru kwamba simu isiyoweza kuita msaada ikataliwe kabisa mtandaoni, ili mwenyewe ajue leo asije akajua siku ya ajali. Tarehe ya kufunga ikaahirishwa zaidi ya mara moja. Watu wakapewa nambari fupi, 3498, ya kutuma ujumbe ili waambiwe kama chombo chao kitabaki hai. Na kampuni za Telstra na Optus zikafunga tarehe 28 Oktoba 2024. Mimi nayasifu maahirisho yale, wala siyaiti udhaifu, kwa sababu serikali inayokiri kwamba haijawa tayari imewatendea watu wake vyema kuliko ile inayoshikilia tarehe kwa kuona haya kuibadilisha.

Na Japani, ambayo ndiyo iliyokizindua kizazi cha tatu, ilifunga mlango wake kwa mwendo wa taratibu kuliko wote, kwa kuwa kampuni ya NTT DoCoMo ilitangaza mwezi wa Oktoba mwaka 2019 kwamba mtandao wake huo utafikia mwisho tarehe 31 Machi 2026, ikawapa wateja, wakiwamo wazee wa simu za kukunja, muhula wa zaidi ya miaka sita wa kujitayarisha.

Turejee nyumbani. Hapa kwetu Afrika Mashariki kizazi cha pili na cha tatu vingali vinafanya kazi, na mtu anaweza kusema kwamba naupigia mbiu msiba ambao haujatufika. Nami nasema kwamba huu ndio wakati wa kusema, maana atakayeanza kutafuta kamba ndoo ikiwa imekwisha kuzama amechelewa. Huko Uingereza kampuni zote kubwa zimekwisha kuiambia serikali kwamba hazikusudii kuendeleza kizazi cha pili kupita mwaka 2033. Mitambo ya dunia hutengenezwa kwa mahitaji ya wanunuzi wakubwa. Na vipuri vikikoma kutengenezwa kwao vitakoma kufika kwetu. Inawezekana kwamba sisi tutaanza na kizazi cha tatu, kama walivyofanya wengi huko Ulaya, kwa sababu kizazi cha tatu hudai kipande kizima cha megahezi 5 hata watumiaji wake wakiwa wachache, ilhali cha pili hutosheka na vijia vya kilohezi 200 na kinaweza kubakizwa katika pembe ndogo ya masafa. Lakini kubakizwa si kudumu, na zamu yake nayo itafika.

Na zamu hiyo ikifika, kwetu haitakuwa sawa na ya Marekani wala ya Australia. Tangu mwezi wa Machi mwaka 2007 ilipoanza M-Pesa nchini Kenya, na mwaka uliofuata nchini Tanzania, kitochi kimekuwa mkoba wa fedha. Mtu akibonyeza *150*00# na kuipata ile orodha fupi ya maneno, kutuma pesa, kutoa pesa, kulipa bili, hatumii intaneti wala haungi bando. Anatumia njia iliyochimbwa ndani ya kizazi cha pili, njia nyembamba isiyobeba picha wala rangi, lakini inayofika mahali ambapo intaneti haijafika na inayokubaliwa na simu ya bei ya chini kuliko zote. Hata simu nyingi za kizazi cha nne zikiulizwa orodha hiyo hushuka kwanza katika kizazi cha zamani ndipo zijibu. Basi kwetu sisi kuuzima mtandao huo kabla ya kutengeneza njia nyingine ni sawa na kuifunga benki ambayo wateja wake ni wakulima, wavuvi, mama lishe na wazee wanaotumiwa masurufu na watoto wao, kisha kuwaambia kwamba fedha zao zi salama ndani, ila mlango ndio hauko tena.

Hapa ndipo ninapofika katika kiini cha hoja yangu, nayo naijenga juu ya jambo ambalo watu wetu wanalijua vizuri. Serikali inapoamua kwamba noti ya zamani iache kutumika, hufanyaje? Mwaka 1936 rupia ilipoondolewa Zanzibar ili kuipisha shilingi ya Afrika Mashariki, kila rupia ilibadilishwa kwa shilingi moja na nusu. Mwaka 2019, Kenya ilipotangaza tarehe 1 Juni kwamba noti za zamani za shilingi 1,000 zitakoma tarehe 1 Oktoba, mwenye noti alipewa miezi minne ya kuipeleka benki, akapewa mpya yenye thamani ile ile. Hakuna aliyemwambia ajuza, "Noti yako imezeeka, kanunue nyingine." Dunia nzima yaafiki kwamba aliyeshika noti ameshika ahadi, na kwamba anayeiondoa noti ana deni la kuibadilisha. Lakini simu, ambayo kwetu imegeuka kuwa mkoba wa fedha na ambayo bila yake fedha haishikiki, huko ilikozimwa ilihesabiwa kuwa bidhaa iliyochakaa tu, na mzigo wa kuibadilisha ukaangukia aghalabu juu ya mwenyewe. Noti ya zamani hubadilishwa. Simu ya zamani huzimwa. Tofauti hiyo ndiyo dhuluma ninayotaka tuizuie kabla haijatufika.

Nafahamu kwamba mwenye kampuni atanijibu kwa neno la haki: "Simu ile sikuitengeneza mimi, wala sikuiuza, vipi niilipe?" Namjibu kwa mambo mawili. La kwanza, masafa ya mawimbi si mali ya kampuni. Ni mali ya umma iliyokodishwa kwa leseni, na kizazi cha zamani kikiondolewa, nafasi inayopatikana huzaa faida mpya kwa aliyeikodi. Ni insafu kwamba sehemu ya faida hiyo imfuate yule aliyeondolewa ili nafasi ipatikane, kama vile anayepisha barabara kuu alivyo na haki ya fidia ya nyumba yake. La pili, kampuni hizo hizo ndizo zilizomwalika mkulima aweke fedha yake katika simu, zikapaka ukuta wa kila duka rangi zao, zikaweka wakala katika kila kijiji. Na mwenye kumwita mgeni nyumbani hamfungii mlango nje.

Wala hatukosi uzoefu wa mzigo unaomwangukia asiyestahili. Mwishoni mwa Septemba mwaka 2012 Kenya ilizifungia simu bandia, na usiku wa tarehe 16 Juni 2016 Tanzania ikafanya hivyo hivyo. Azma ilikuwa njema, kwani chombo bandia ni hatari kwa mwenye nacho na ni kificho kwa mwizi. Lakini aliyelala ana simu akaamka hana alikuwa ni mnunuzi, aliyeinunua mchana dukani, ilhali aliyeiingiza bandarini alikuwa amekwisha kuhesabu faida yake. Tusiyarudie hayo kwa simu ambazo si bandia na ambazo wenyewe hawana kosa lolote.

Nini basi cha kutenda? Natoa rai nne. Kwanza, tarehe ya kuzima itangazwe miaka kadhaa kabla, na itangazwe redioni, misikitini, makanisani na katika mikutano ya vijiji, kwa kuwa mwenye kitochi hasomi matangazo ya intaneti. Pili, uwekwe utaratibu wa mtu kuiuliza simu yake kwa nambari fupi isiyo na malipo na kujibiwa kwa Kiswahili kama itabaki au itaondoka. Tatu, njia ya fedha ifunguliwe katika mtandao mpya na ijaribiwe vijijini, siyo mijini peke yake, kabla ya ile ya zamani kuguswa. Na nne, ambayo ndiyo kubwa, badilishano la simu liandikwe ndani ya leseni: kampuni isipewe ruhusa ya kuzima mnara wa kizazi cha pili mpaka ithibitishe kwamba mwenye simu inayoutegemea amepewa chombo kingine cha vitufe, chenye betri inayodumu na tochi inayowaka, bure au kwa bei ambayo mkwezi wa nazi anaweza kuilipa.

Wala hilo si ndoto. Nchini India kampuni ya Reliance Jio, ambayo ilianza mwaka 2016 ikiwa na kizazi cha nne peke yake, ilitambua kwamba haiwezi kuwapata masikini kwa simu za bei kubwa, ikatoa mwaka 2017 simu ya vitufe ya kizazi cha nne kwa amana ya rupia 1,500 iliyoahidiwa kurudishwa. Hapa jirani, huko Athi River nchini Kenya, kiwanda cha kuunganisha simu za kizazi cha nne za bei nafuu kilifunguliwa mwaka 2023. Chombo kipo na mikono ya kukiunda ipo. Kilichobaki ni sharti la kisheria na nia ya kulitekeleza.

Nilikwenda kumwona shangazi baada ya kuyatafakari haya, nikamwambia kwamba simu yake haikukosa kitu. Imetimiza kazi yake kwa uaminifu kuliko vyombo vingi vya thamani, na itakapostaafu, itastaafu kwa sababu dunia imehitaji nafasi yake. Akanisikiliza, kisha akasema, "Basi waniletee nyingine kabla hawajaichukua hii." Nimesoma mengi juu ya jambo hili, lakini sikukuta sera iliyo fupi wala ya haki kuliko hiyo. Nawaomba ninyi mlio katika mamlaka za mawasiliano, katika mabunge yetu na katika kampuni za simu, mwiandike sentensi ya ajuza huyo ndani ya sheria na leseni zetu mapema, wakati minara ingali inawaka.